Siku Niliyokuacha Kando ya Kisima

Ngalula, mwanangu,

Sitakuandikia habari za kuchemsha maji wala za chandarua. Hayo unayajua kuliko mimi, wewe ndiye mkunga mwenye diploma. Wala sitakuonya kwamba Mokambo, unakokwenda kuanza kazi, ni mji wa mpaka, wa watu wanaopita tu. Utauona mwenyewe kesho. Ninaandika mchana huu, ukiwa umeenda kuwaaga wenzako parokiani, kwa sababu tangu Jumapili hujaniambia neno lolote zaidi ya jambo ya asubuhi.

Jumapili mama yako mdogo Georgette alikuita pembeni baada ya misa. Uliporudi ulisimama mlangoni mwa jikoni, mimi nikisonga bukari, ukaniuliza polepole:

"Mama, ni kweli ulitaka kunitupa mu kisima?"

Mwiko ulisimama mkononi mwangu. Ukangoja kidogo, ukasema, "Basi ni kweli," ukaingia chumbani ukafunga mlango.

Ningekuwa na ujasiri ningekufuata. Sikuwa nao. Leo ninao kiasi cha karatasi hizi.

Nilikuzaa nikiwa na miaka ishirini na minne, hapa hapa mtaa wa Hewa Bora, katika lupango hili hili, ua huu tunamokaa. Uzazi ulikwenda vizuri. Marehemu baba yako alifurahi mpaka akakosa usingizi. Alikupa jina la mama yake, na kwa sababu hiyo akawa anakuita "mama" ukiwa bado huwezi hata kushika kichwa chako. Nyanya yako alihamia kwetu kunisaidia. Alikuogesha kila asubuhi, alikupaka mafuta, aliniletea uji. Usimchukie utakapofika mwisho wa barua hii. Mikono yake ilikuwa mizuri.

Wiki ya tatu nikaanza kupotea. Sijui niseme vipi. Ulikuwa ukilia, nami nilisikia kilio hicho kama cha mtoto wa jirani, nikijiuliza mbona mama yake hamchukui. Usingizi ulinikimbia hata ulipolala wewe. Chakula kilikuwa kama majivu. Watu walikuja kukuona, wakasema "mutoto muzuri, Mungu akutunzie," nami nilitabasamu kwa midomo, ndani hamna kitu. Nilikuwa nimekungoja miezi tisa. Sasa umekuja, na mimi sikuwepo.

Kisha yakaja mawazo. Hayo ndiyo aliyokuambia Georgette. Yalikuja yenyewe, bila kubisha hodi, nikiwa nafua au namenya vitunguu: picha ya jambo baya likikupata, na mkono unaolifanya ni wangu. Sikuyataka, Ngalula. Nilikuwa nayaogopa kuliko kitu chochote nilichowahi kukiogopa. Niliacha kushika kisu ukiwa karibu. Niliacha kukuogesha, nikasingizia mgongo.

Siku moja nyanya yako alikwenda sokoni, tukabaki wawili. Nilikuwa nateka maji kisimani, wewe mgongoni. Lile wazo likanijia kwa nguvu. Nikakufungua kutoka mgongoni, nikatandika kitenge kivulini, mbali na kisima hatua kama kumi, nikakulaza. Nikarudi nikafunika kisima kwa kile kibati, nikaweka tofali juu. Halafu nikatoka nje ya lango nikaenda zangu. Nilitembea mpaka barabara kubwa, miguu mitupu. Kichwani mwangu kulikuwa na hesabu moja tu: kadiri ninavyokuwa mbali na wewe, ndivyo utakavyokuwa salama.

Jirani alisikia ukilia akaingia kukuchukua. Mimi nilirudi baada ya saa nzima hivi, nikasema nilikwenda kutafuta sabuni. Walinitazama miguu.

Kweli yote nilimwambia mtu mmoja, naye ni Georgette, mdogo wangu wa tumbo moja, niliyembeba mgongoni baba yetu alipokuwa kazini kwenye reli na mama akilima. Nililia mapajani pake. Nikamweleza mawazo, kisima, kibati, tofali, kitenge. Akanifuta uso kwa mkono wake.

"Yaya, dada yangu, nyamaza. Siwezi kusema ku mutu. Hata ku bwana yangu."

Kesho yake nyanya yako alijua. Lakini hakujua kibati wala tofali. Alijua neno "kisima" tu.

Siku tatu baadaye wakafanya kikao sebuleni. Shangazi za baba yako, kaka yake mkubwa, na mchungaji wa chumba cha maombi alikosali nyanya yako. Mimi niliwekwa kwenye kiti karibu na mlango, kama mgeni. Wakasema mama wa kawaida hawezi kuwaza jambo kama lile, kwa hiyo anayewaza si mimi, ni kitu kilichoniingia. Mmoja akataja bulozi, yaani uchawi. Georgette naye alikuwepo. Alikuwa anatazama mikono yake. Nilimtazama baba yako nikimngojea aseme tu, "Huyu ni mke wangu, ninamjua." Aligeuza kofia yake magotini, akaigeuza tena. Sikusikia sauti yake mpaka kikao kikaisha.

Wakakupeleka mtaa wa Katuba, nyumbani kwa nyanya yako. Mimi wakanipeleka kwenye chumba cha maombi nifunge siku tatu. Matiti yalijaa mpaka yakawa mawe. Nilikuwa natoka uani, nakamua maziwa yako juu ya mchanga, narudi ndani kupiga magoti. Nilidhani watakurudisha baada ya siku tatu. Ulikaa Katuba miezi kumi na mmoja.

Huo ndio ulikuwa usaliti wa kwanza niliotendewa, nao ulinifundisha somo baya. Nilijifunza kunyamaza. Nilifikiri hilo ndilo somo lenyewe, kumbe nilikuwa nimeshika nusu.

Aliyenitoa ni muuguzi wa kituo cha afya, mama mmoja mzee tuliyemwita Mama Umba. Aliona jina lako kwenye daftari la kupima kilo, nawe huletwi, akaja kuuliza kwa nini. Alinikuta nimekaa chini, nywele sijachana siku nyingi. Hakuniuliza mtoto yuko wapi. Aliniuliza:

"Na weye mama, unalala?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nilisema hapana. Akaketi hapo hapo chini, na nguo yake nyeupe.

"Mawazo inakuja? Ya kuogopesha?"

Nilikuwa nimeapa kutosema tena.

"Si lazima useme," akasema. "Miye njo nitasema. Hii ni bugonjwa. Inashikaka bamama baingi kisha kuzaa. Iko na jina, iko na dawa. Hauko mulozi. Hauko mama mubaya."

Wakati ule hapakuwa na mradi wala mafunzo. Alikuwa yeye tu, na alichokijua alikijua kwa kuona. Alikuwa akija kila Alhamisi. Akanipeleka kwa daktari, nikapewa vidonge, nikavimeza kwa siri kama mwizi. Polepole nikaanza kusikia ladha ya mboga ya sombe. Nilipopata nguvu, ni yeye aliyekwenda Katuba mara nne kuongea na nyanya yako, mpaka ukarudi.

Sasa ninafika mahali pagumu kuliko kisima. Pale kisimani nilikuwa mgonjwa. Hapa nilikuwa mzima.

Unakumbuka ule mwaka nilipoanza kuvaa kizibao cha kijani? Ulikuwa mwaka wako wa kwanza wa masomo ya ukunga, ulinicheka, ukasema naonekana kama askari wa barabarani. Ulikuja mradi kwenye kituo chetu, wa kuwaangalia kina mama wenye huzuni ya mimba na ya baada ya kuzaa. Walitafuta relais, watu wa mtaa wa kupita nyumba kwa nyumba na kuwauliza kina mama maswali yaliyoandikwa kwenye kadi. Nilikuwa wa kwanza kujiandikisha. Niliposoma yale maswali darasani, usingizi, woga, kulia bila sababu, nilitoka nje nikasimama nyuma ya choo. Mtu alikuwa ameyaandika maisha yangu kwenye kadi.

Walitufundisha kwamba mama akikuambia, ni siri. Ukiona hatari, unamwambia muuguzi wa kituo, na mama mwenyewe unamwambia kwamba utafanya hivyo. Huendi kwa mume, huendi kwa mama mkwe, isipokuwa yeye amekubali. Nilitikisa kichwa kuliko wote. Nani angenifundisha jambo hilo?

Mtaa wa nyuma yetu alikaa binti mmoja, Mama Exaucé. Alikuwa na miaka ishirini, mtoto wake wa kwanza ana wiki sita. Mara mbili alijibu kadi yangu kwa "hapana, hapana, hapana." Mara ya tatu niliweka kadi kwenye mkoba, nikamsimulia yangu. Wewe mwenyewe sikuwahi kukusimulia, yeye nilimsimulia. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akafungua moyo. Mawazo yake yalikuwa ndugu wa mawazo yangu. Nilimshika mikono. Nikamwambia kesho tutakwenda pamoja kwa muuguzi, akakubali.

Nikatoka. Langoni nikakutana na mume wake, anarudi kazini. Kijana wa heshima. Akavua kofia.

"Mama, bibi yangu eko na nini? Anakaa tu kunyamaza, anakataa kubeba mutoto. Nisaidie, miye sielewe."

Macho yake yalikuwa na machozi. Nami, Ngalula, nikamhurumia. Nikamkumbuka baba yako kule sebuleni, akigeuza kofia bila neno, nikasema moyoni huyu si kama yule, huyu anauliza, huyu akijua atamlinda. Nikafungua kinywa. Nilimweleza kwa maneno mazuri kabisa, ya mafunzo: ni ugonjwa, una dawa, umuonee huruma. Alishukuru. Aliniita mama yake.

Asubuhi nilipokwenda kumchukua binti, nyumba ilikuwa imefungwa. Majirani wakasema amepelekwa kwenye basi la Likasi, arudi kwao. Nilikimbia mpaka kituo cha mabasi. Nikamkuta ameketi juu ya begi lake, kifua kimelowa maziwa, hana mtoto.

Nilianza kusema, "Nisamehe, niliwaza..." Hakunipa nafasi.

"Mama Ngalula, nilikuambia juu weye ulisema ya kwako. Ungesoma tu ile kadi, singekuambia kitu."

Akapanda basi. Sikuwahi kupigwa kofi kama lile.

Nilikwenda moja kwa moja kwa muuguzi nikakiri. Alinikaripia, na alikuwa na haki. Tulikwenda kwa yule mume yeye na mimi, tukarudi na daktari, tukarudi tena na mzee wa familia yao. Wiki ya tisa mume alikwenda Likasi mwenyewe kumrudisha mkewe. Mtoto hakupatwa na neno, mama naye akapata matibabu, na mara nyingine huwaona wote watatu wakipita. Mume hunisalimu. Mkewe hubadilisha upande wa barabara. Ndiyo gharama, na inalipwa na mimi, si na yule aliyemfukuza.

Kwa miaka mingi nilimhukumu Georgette kana kwamba ametengenezwa kwa udongo tofauti na wangu. Siku ile kwenye kituo cha mabasi nilijua. Hata yeye labda alimhurumia mtu. Labda aliniogopea, au alikuogopea wewe. Kama angemwendea Mama Umba badala ya nyanya yako, leo ningemshukuru. Hatari ilikuwepo, haikuwa lazima akae nayo peke yake. Alikosea mlango. Nami nilikosea mlango huo huo, tena mimi nilikuwa nimefundishwa.

Lakini kuelewa si kusamehe, nisikudanganye. Jumatatu nilikwenda kwake.

"Juu ya nini ulimwambia mutoto?"

"Yaya, anaenda mbali. Alipashwa kujua."

"Kujua nini? Ulimwambia nilifunika kisima? Ulimwambia tofali?"

Akasema, "Ile tofali nilisahauka."

Miaka ishirini na mitatu, akasahau tofali, akakumbuka kisima. Nikaondoka bila kunywa maji yake.

Na mradi wenyewe je? Ulituacha. Asubuhi moja gari lao jeupe lilikuja, mkubwa wao kutoka ofisi yao ya mtaa wa Golf akashuka na viatu vinavyong'aa, akatukusanya barazani pa kituo, akasema mradi umefikia mwisho wake, asanteni kwa moyo wenu. Muuguzi wa ushauri akahamishwa. Dawa zikabaki hadi zilipokwisha. Alhamisi iliyofuata kina mama walikuja na watoto mgongoni, wakakuta chumba kimefungwa kufuli. Mmoja wao, mwanamke aliyekaa miezi kabla ya kusema neno lake la kwanza, akanigeukia:

"Mulitufungua kinywa. Sasa munatuacha na nani?"

Nilikuwa bado nimevaa kizibao chao. Nikakivua hapo hapo. Tangu siku ile wanawake wale huja hapa kwetu kila Alhamisi. Wewe ulidhani ni kikundi cha rozari, nami nilikuacha udhani. Hatuna daktari wetu, hatuna kadi. Mmoja akizidiwa tunamsindikiza hospitali kwa miguu yetu, na tunakaa naye kwenye foleni. Ni kidogo. Najua ni kidogo.

Sasa niseme lililobaki, nalo ni lako.

Umenisaliti na wewe, mwanangu. Ugonjwa huu umeusoma. Nilikuona na daftari lako mezani, ukirudia dalili zake kwa sauti kabla ya mtihani, nami nikiwa jikoni nasikiliza kila neno, nikisema huyu siku moja nitaweza kumwambia. Ulifaulu vizuri. Halafu Jumapili ukaambiwa mgonjwa ni mama yako, na yote uliyoyasoma yakakutoka. Ukauliza kama walivyouliza wale wa sebuleni. Hukuniuliza kama nilikuwa nalala.

Sikuandikii haya ili ulie. Nimekukosea mimi kwanza, nilinyamaza miaka yote, nikaacha hadithi yangu mikononi mwa mtu mwingine. Lakini wiki ijayo atakuja mama mbele yako huko Mokambo, na mama mkwe wake atakuwa amesimama nyuma yake. Kile kilichokupanda kifuani Jumapili kitakupanda tena. Mtoe mama mkwe nje kwa heshima, mwambie akusaidie kupima mtoto. Ukae chini. Na kama siku moja utakosea mlango kama nilivyokosea, usijifiche. Rudi siku ile ile ukakiri, hata kama hutasamehewa.

Labda unataka kujua kama nilikupenda. Wakati ule, hapana. Sitakudanganya siku ya kuagana. Ulipotoka Katuba ulikuwa unamwita nyanya yako mama, ukiniona mimi ulilia, siku nne nzima. Nilikulisha, nilikuogesha, kama mtu anayefanya kazi aliyopewa. Mwezi wa pili hivi tangu urudi, nilikuwa nawasha jiko la mbabula. Nilipogeuka ulikuwa umekaa kwenye gunia la makala, umetia kipande cha mkaa kinywani, meno yako madogo meusi, kidevu cheusi, unatafuna kwa bidii kama mzee. Ukaniona. Ukanyoosha mkono kunipa na mimi nile. Nikacheka. Sauti ile ilinishtua, sikuijua. Nikakubeba na makala yako yote, ukanichafua shingo na kifua, na sikutaka kukuweka chini. Mama Umba alikuwa anaingia langoni na daftari lake, akasimama, akaketi kwenye kizingiti akalia. Tangu hapo sijawahi kukukosa moyoni hata kwa saa moja.

Basi la Mokambo linaondoka saa kumi na mbili asubuhi. Barua hii naiweka juu ya sanduku lako. Kesho nitaamka mapema, nitaoga, nitavaa viatu, nitakaa sebuleni. Ukitaka nikusindikize, nipe mfuko mmoja nibebe. Usiponipa, nitakufungulia lango, na utakwenda na baraka zangu vile vile.

Ni mimi, mama yako,
Ngoie Marthe